Kutungia neno brake sentensi mbili za Kiingereza: moja ya gari, moja ya kitamathali

Kijana anayejifunza umekanika kwenye gereji moja ya Changamwe aliniletea kazi aliyopewa chuoni: achague kipuri kimoja cha gari, akitungie sentensi mbili za Kiingereza, ya kwanza kwa maana halisi na ya pili kwa maana ya kitamathali. Gari analijua nje ndani, na Kiingereza chake si kibaya. Alikwama kwenye sentensi ya pili, na wengi ninaowasaidia hukwama hapo hapo. Haya basi, tufuatane.

Hatua ya 1: Chagua kipuri

Chagua brake. Clutch nakukataza mwanzoni. Likiwa kitenzi huwa ni kushikilia kitu kwa nguvu, kwa hiyo unadhani umetunga fumbo kumbe umeandika habari ya mkono tu. Spark plug Wamarekani humwitia mtu anayewachangamsha wenzake, lakini huku pwani msomaji wako anaweza asikuelewe. Breki kila mtu anaijua, hata asiyeendesha, na kwa Kiingereza hutumika kwa mafumbo kila siku kwenye habari za biashara na siasa.

Hatua ya 2: Andika kazi ya kipuri kwa Kiswahili, mstari mmoja

"Breki hupunguza mwendo wa kitu kinachokwenda, mpaka kisimame ikibidi." Mstari huo uweke mbele yako mpaka umalize.

Hatua ya 3: Tahajia

Brake ni breki. Break ni kuvunja, au mapumziko. Yote mawili hutamkwa sawasawa, kwa hiyo sikio halikusaidii, na ukiiambia simu ikuandikie kwa sauti inaweza kukuletea lolote kati ya hayo. Kikagua tahajia nacho mara nyingi hupitisha, maana yote ni maneno sahihi. Ndiyo sababu vibao vya "break pads" vimejaa barabarani na hakuna anayeshtuka. Mimi hushauri kalamu na karatasi kwa kazi hii: ukiandika kwa mkono unalazimika kuamua ni lipi.

Angalia pia wakati uliopita. Alipiga breki ni "he braked". "He broke" ni alivunja. Na gari likiharibika njiani, Kiingereza ni "the car broke down", la kuvunja, hata kama kilichoharibika ni breki zenyewe.

Hatua ya 4: Sentensi ya maana halisi

Hii ni rahisi. "The matatu driver braked hard at Kongowea because a handcart had crossed the road." Dereva wa matatu alipiga breki kali Kongowea kwa sababu mkokoteni ulikuwa umekatiza barabara. Nyingine: "He pulled up the handbrake as soon as the lorry was on the Likoni ferry."

Jihadhari tu na vitenzi vyetu. Sisi tunafunga breki, tunashika breki, na breki zinakataa. Kiingereza hakifungi wala hakishiki. Husema "apply the brakes". Zikikataa, andika "the brakes failed". Kupiga breki ndiko kuna bahati: "hit the brakes" ni Kiingereza safi.

Hatua ya 5: Sentensi ya kitamathali

Hapa tulia. Umbo la kukumbuka ni "put the brakes on", na baada ya "on" lazima kuje kitu. "The bank put the brakes on lending." Benki ilipunguza kasi ya kutoa mikopo. Ukikata sentensi ukaandika "He put the brakes on" peke yake, msomaji ataona mguu kwenye pedali, na umerudi kwenye maana halisi. Hata ukiongeza mahali, "He put the brakes on at Makupa", bado ni gari. Kinachogeuza maana ni jina linalofuata "on", na hapo ndipo kijana wangu alipokwama: alikuwa na maneno yote, ila hakuwa na jina hilo.

Jina gani linafaa? Rudi kwenye mstari wako wa Kiswahili: kitu kinachokwenda. Matumizi ya pesa yanakwenda, mipango inakwenda, ujenzi unakwenda, bei zinapanda. Kwa hiyo "put the brakes on spending" ni sawa, na "put the brakes on the building work" ni sawa. Nyumba iliyokwisha kujengwa haiendi popote, kwa hiyo "put the brakes on the house" haina maana. Mtu naye usimweke moja kwa moja. "The mother put the brakes on her son" inasikika vibaya, andika anachokifanya: "The mother put the brakes on her son's spending." Hapo imekaa.

Brakes hapa ina s, kama breki za gari zilivyo nyingi. Lakini kuna umbo la pili ambalo halitaki s: "High fuel prices act as a brake on trade." Bei kubwa za mafuta hupunguza kasi ya biashara. Usiyachanganye: "put the brakes on", "act as a brake on". Na put haibadiliki kwa wakati uliopita. "Putted" si ya kitenzi hiki.

Kwetu mtu mropokaji husemwa mdomo wake hauna breki. Ukiihamisha kwa Kiingereza, "his mouth has no brakes", utaeleweka, lakini si usemi uliozoeleka, na kwenye mtihani mimi nisingeuandika. Wamarekani wana "pump the brakes", yaani tulia kwanza, usiharakishe. Ni lugha ya mazungumzo. Itumie kwa rafiki. Imetokana na kukanyaga na kuachia pedali mara kwa mara, jambo ambalo gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki kali) halilihitaji, maana mfumo wenyewe hufanya hivyo.

Hatua ya 6: Jaribu sentensi yako

Ondoa maneno ya breki, weka "slowed down" au "stopped". "The bank slowed down lending." Maana imebaki? Peleka. Imepotea? Badilisha jina lililo baada ya "on", usiguse kitu kingine.