Kukagua na kuegemeza dari ya mgodi wa makaa ya mawe

Usiingie kamwe chini ya dari isiyoegemezwa, hata kwa hatua moja ya kuokota chombo. Simama palipo salama, kisha gonga mwamba ulio mbele kwa mtalimbo mrefu na usikilize: mwamba mzima hulia kwa sauti kali kama chuma, ilhali uliobanduka huitika kwa sauti nzito, kama mtungi mtupu. Kipande kilicholegea kiangushe ukiwa umesimama kando, huku njia ya kurudi nyuma ikiwa wazi.

Boliti, yaani fimbo za chuma zinazokazwa ndani ya mwamba wa dari, hushika kwa sababu huziunganisha tabaka nyembamba za mwamba ziwe kama ubao mmoja mnene, au huzining’iniza kwenye mwamba imara ulio juu. Kwa hiyo boliti fupi isiyovuka tabaka dhaifu haifai kitu. Matimba, yaani magogo yanayosimamishwa kuegemeza dari, yakazwe kwa kabari, na yakianza kulia, ondokeni mara moja.

Nguzo za makaa zilizoachwa bila kuchimbwa ili zishikilie dari zisipunguzwe kwa tamaa ya tani zaidi. Huko Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo ziliporomoka Januari 1960, na wachimbaji 435 wakafia humo.