Jinsi ya kufuatilia fedha za shule yako ndani ya Sheria ya Fedha ya mwaka

Katika ofisi ya shule moja ya msingi ya komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna daftari ambalo direkta hulifungua kila wazazi wanapouliza kwa nini shule bado inawaomba mchango. Kurasa za mwanzo zina majina ya walimu wanaolipwa na serikali. Kurasa za mwisho, kwa wino mwekundu, zina majina ya wale walioandikiwa herufi mbili, N.U., yaani walimu wapya wanaofundisha kila siku lakini hawajaingizwa katika orodha ya mishahara. Siku nilipoketi hapo na wajumbe wenzangu wa kamati ya wazazi, mzee mmoja aliuliza, "Direkta, si redio ilisema budje imepita?" Direkta akafunga daftari. "Ilipita kweli, mzee. Ilipita huko huko."

Jibu hilo lilituchekesha, na tangu siku hiyo nimejifunza kuifuata budje tangu inapotoka mpaka inapokwama. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Bunge linapopiga kura haligawi noti. Linaipa serikali ruhusa ya kutumia kiasi fulani, kwa kazi fulani, katika mwaka mmoja unaoanza tarehe 1 Januari na kuisha tarehe 31 Desemba. Ruhusa isipotumika ndani ya mwaka huo, shule haiwezi kuidai kama mtu anavyodai akiba yake benki. Kwa hiyo swali la "Bunge lilitupa ngapi?" halitoshi. Uliza kama fungu limeandikwa, kama malipo yameagizwa, na kama fedha zimetoka.

Anza na kalenda, kwa kuwa anayechelewa hapa amechelewa mwaka mzima. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara yake ya 126, inaitaka serikali iweke mswada wa Sheria ya Fedha, yaani sheria yenye budje ya mwaka, mezani kwa Bunge la Taifa kabla tarehe 15 Septemba haijapita. Siku hiyo hiyo hufunguliwa kikao cha pili cha mwaka, kinachoitwa kikao cha bajeti, ambacho hufungwa tarehe 15 Desemba. Waziri Mkuu huutetea mswada mbele ya wabunge, kisha hupelekwa kwenye kamati ya uchumi, fedha na udhibiti wa bajeti, ambayo wote huiita ECOFIN. Huko ndiko mawaziri huulizwa mstari kwa mstari. Ukishapita kwa wabunge hupelekwa Seneti. Mabaraza mawili yasipokubaliana huundwa kamati ya pamoja, na mwisho Rais wa Jamhuri huitangaza sheria. Kama mswada uliwekwa kwa wakati lakini haukupigiwa kura kabla ya mwaka mpya, Katiba inamruhusu Rais kuutekeleza pamoja na marekebisho yaliyokwisha kupigiwa kura. Kama uliwekwa kwa kuchelewa, serikali huomba ruhusa ya mafungu ya muda ili kazi zisisimame.

Watu wengi husubiri Oktoba au Novemba ndipo wamtafute mbunge wao. Kwa maoni yangu huo ni wakati mbaya, kwa sababu hesabu za wizara zimekwisha kufungwa na mbunge hawezi kuongeza matumizi bila kuonyesha mapato au akiba itakayoyafidia. Akitaka kuiongezea elimu franka moja, lazima aonyeshe inatoka wapi. Wakati mzuri ni kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba: wizara ziko katika mikutano ya kuandaa bajeti, na Bunge liko likizoni, hivyo depite wako yuko jimboni, anaonekana msibani na kanisani, na hana kisingizio cha ndege. Mpelekee karatasi moja tu. Faili nene ataliacha kwenye gari.

Hatua inayofuata ni kuupata waraka wenyewe. Wizara ya Bajeti huweka Sheria za Fedha na viambatisho vyake kwenye tovuti yake, pamoja na jedwali za ufuatiliaji zinazoonyesha matumizi yalivyokwenda katika mwaka. Vyote viko kwa Kifaransa, hivyo nitataja maneno utakayoyakuta humo. Usikate tamaa kwa ukubwa wa faili. Pakua kwenye simu ya mtu mwenye nafasi, kisha tafuta kwa jina la wizara.

Sheria imegawanyika sehemu tatu. "Budget général" ndiyo kubwa, na humo ndimo zilimo wizara na taasisi. "Budgets annexes" ni za mashirika ya umma yenye mapato yao, yakiwemo vyuo vikuu na vyuo vya elimu ya juu; anayefuatilia chuo asiishie kwenye sehemu ya kwanza. "Comptes spéciaux" ni akaunti zenye kazi maalumu. Shule ya msingi utaitafuta katika ile ya kwanza, chini ya wizara inayoshughulikia elimu ya msingi na sekondari.

Ndani ya wizara, matumizi yamepangwa kwa namba kuanzia 1 hadi 8, na hapa inafaa kukaa kidogo. Namba 1 na 2 ni deni la taifa na gharama za kulihudumia. Namba 3 ni watumishi, yaani mishahara. Namba 4 ni vitu na vifaa vya kazi vinavyotumika na kuisha, na namba 5 ni huduma zinazolipiwa. Namba 6 ni fedha ambazo serikali huhamishia taasisi au watu. Namba 7 ni vifaa vya kudumu. Namba 8 ni ujenzi na ukarabati. Chaki ya direkta wetu na paa lake lililotoboka haviko mahali pamoja, na waziri anaweza kukwambia kwa ukweli kabisa kwamba elimu imeongezewa fedha, kumbe ongezeko lote limekwenda kwenye namba 3 huku namba 8 ikipunguzwa.

Wale walimu wa wino mwekundu nao wanaelezeka hapa. Katiba inasema wazi kwamba nafasi mpya za kazi za serikali haziwezi kuundwa nje ya makadirio ya Sheria ya Fedha. Masomo ya bure katika shule za msingi yalipoanza kutekelezwa mwaka wa shule wa 2019–2020, watoto walijaa madarasani, na walimu wakaongezwa ili kuwapokea. Mwalimu anaweza kuwa na barua ya kazi, dawati na wanafunzi 60 mbele yake. Kama namba 3 haikupanuliwa kwa ajili yake, hakuna mahali pa kumlipia. Ukitaka kumsaidia, linganisha kiasi cha namba 3 cha mwaka huu na cha mwaka uliopita, kisha uliza ongezeko hilo ni la kupandisha mishahara ya waliopo au la kuingiza wapya. Swali hilo likiulizwa ndani ya ECOFIN, waziri hulazimika kulijibu kwa tarakimu.

Sasa soma safu za zile jedwali za ufuatiliaji, kwa kuwa mstari mmoja una hadithi nzima. Safu ya "crédits votés" ni kile Bunge lilichoruhusu. Baada yake hufuata njia yenye vituo vinne: "engagement", ambapo fungu hutengwa kwa ajili ya deni linalojulikana, "liquidation", ambapo huhakikiwa kwamba kazi imefanyika na kiasi ni sahihi, "ordonnancement", ambapo amri ya kulipa hutolewa upande wa Wizara ya Fedha, na "paiement", malipo yenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni: mstari wa ukarabati wa shule una milioni 100 zilizopigiwa kura, 60 zimetengwa, 45 zimeagizwa kulipwa, na 20 ndizo zilizotoka. Pengo la 100 na 60 linakuonyesha kwamba wizara haikuomba au ilinyimwa kibali. Pengo la 45 na 20 linaonyesha kwamba karatasi zimekamilika na hazina haina fedha, au imechagua kulipa wengine kwanza. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na yana milango miwili tofauti ya kubisha hodi.

Kuna pia malipo ya "procédure d'urgence", yanayoruka vituo hivyo na kurekebishwa kwenye karatasi baadaye. Njia hiyo ilikusudiwa dharura za kweli, lakini imezoeleka mno. Kila franka inayotoka kwa njia hiyo huwatangulia waliopanga foleni, na shule ya Katuba haijawahi kuwa mbele ya foleni.

Kumbuka vilevile kwamba sheria yenyewe inaweza kubadilishwa katikati ya safari. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilipitishwa ikiwa na zaidi ya franka bilioni 51,000, kisha ikarekebishwa mwaka huo huo baada ya vita vya mashariki kuikosesha serikali mapato ya miji kama Goma na Bukavu. Anayeshika nakala ya Desemba peke yake anaweza kupigania fungu ambalo tayari limekatwa, kwa hiyo tafuta kama kuna "loi de finances rectificative".

Si kila fedha inayogusa shule hupita katika kura ya Kinshasa. Bunge la jimbo la Haut-Katanga hupitisha bajeti yake hapa hapa Lubumbashi. Mrabaha wa madini nao, kwa mujibu wa sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, hugawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mji, komini au sekta ambako mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kama darasa lako liko karibu na mgodi, huenda ofisi ya kuulizwa haiko mbali na nyumbani.

Mwaka ukiisha, serikali hufunga hesabu, Mahakama ya Hesabu huzikagua na kupeleka maoni yake Bungeni pamoja na sheria ya "reddition des comptes", yaani ya kufunga hesabu za mwaka. Waandishi wa habari huipa nafasi ndogo kuliko mswada mpya, na hilo ni kosa, kwa kuwa humo ndimo unapoona nani alipita kiwango chake na nani alipata robo.

Ukishakuwa na haya, andika ile karatasi moja ya depite. Taja mwaka, jina la wizara, namba ya matumizi, kiasi kilichopigiwa kura na kiasi kilicholipwa, kisha swali moja tu linaloanza na "kwa nini". Isainiwe na mwenyekiti wa kamati ya wazazi na direkta. Ipelekwe kwa nakala mbili, moja ibaki kwa katibu wake na nyingine irudi shuleni ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Yetu imebandikwa ndani ya jalada la lile daftari, karibu na wino mwekundu.