Jinsi ya Kupima Uhalisi wa Kumbukumbu za Vita Zinazoletwa na Familia za Askari wa Zamani

Familia inapoleta upanga, nishani au kofia ya chuma iliyoachwa na mzee aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, anayeombwa kuinunua au kuihifadhi huwa na maswali matatu mbele yake, ingawa mara nyingi huyachanganya yakawa moja: je, kitu hiki kilitengenezwa wakati wa vita, je, kilikuwa mali ya mtu anayetajwa, na je, alikipata kwa njia inayosimuliwa? Kila swali lina ushahidi wake. Familia inaweza kusema kweli tupu kuhusu mzee wao huku kitu chenyewe kikiwa kimetengenezwa baada ya vita, na kitu halisi kabisa kinaweza kuja kimevishwa hadithi ya uongo.

Hali hiyo ya kwanza hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Huko Solingen, mji wa Ujerumani uliosifika kwa visu na majambia, vipuri vilivyobaki viwandani viliunganishwa baada ya vita na kuuzwa kwa askari wa majeshi yaliyokuwa yakiikalia nchi. Katika Pasifiki, baadhi ya Wamarekani walichora bendera za Japani wao wenyewe na kuwauzia wenzao ambao hawakuwahi kufika mstari wa mbele. Askari aliyerudi na kitu cha namna hiyo hakumdanganya mtu; yeye ndiye aliyedanganywa, na watoto wake wamerithi imani aliyorudi nayo. Wapo pia waliopoteza nishani zao, wakanunua nakala miaka mingi baadaye ili wapate za kuvaa kwenye gwaride la kumbukumbu.

Kwa hiyo sikiliza kabla ya kukishika kitu. Uliza mzee alihudumu katika kikosi gani, alikuwa wapi mwaka gani, alirudi lini, kitu kilikaa wapi nyumbani, na kama kuna mtu aliyewahi kukisafisha, kukipaka rangi au kukiongezea kipande. Muulize msimulizi kama aliyasikia hayo kutoka kwa mzee mwenyewe au aliyapata kwa shangazi baada ya mazishi. Usimlishe maneno: ukimuuliza kama mzee alikuwa Okinawa, kisiwa cha Japani kilichopiganiwa vikali, huenda akakubali kwa sababu tu jina hilo analijua. Binafsi huziamini zaidi hadithi zisizo na mbwembwe. Panga nyingi za Kijapani zilichukuliwa kwenye malundo ya silaha zilizosalimishwa baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, hivyo simulizi la foleni na afisa wa ghala aliyegawa upanga mmoja kwa kila mtu lina uzito kuliko lile la jenerali aliyenyang'anywa upanga wake katika mapambano ya ana kwa ana.

Baada ya maneno, omba karatasi. Askari wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani alipoachishwa utumishi alipewa hati ya WD AGO 53-55, ambayo hutaja kikosi, mapigano aliyoshiriki na nishani alizostahili. Waliorudi na silaha au vitu vya adui walitakiwa kuwa na cheti kilichosainiwa na afisa kuwaruhusu kuvichukua, na cheti kinachotaja namba ya bastola ile ile iliyo mezani kina thamani kubwa kuliko saa nzima ya masimulizi. Karatasi nayo ipimwe: maandishi ya taipureta huacha mbonyeo unaoonekana nyuma ya karatasi, ilhali printa ya kisasa haiachi. Kukosekana kwa rekodi serikalini, hata hivyo, hakuthibitishi uongo. Moto uliozuka katika hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani mjini St. Louis tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa Jeshi la Nchi Kavu walioachishwa kazi kati ya mwaka 1912 na 1960, na kwa upande wa Uingereza majalada mengi ya Vita Kuu ya Kwanza yaliungua London kwa mabomu ya Septemba 1940.

Ndipo uje kwenye kitu chenyewe, ukiwa na lenzi ya kukuzia, sumaku ndogo, vernia (kifaa cha kupimia unene na kipenyo) na taa ya urujuanimno kama ile inayotumika kukagua noti. Msalaba wa Chuma wa Ujerumani wa mwaka 1939 ni mfano mzuri wa kujifunzia. Ule halisi kwa kawaida una vipande vitatu: kiini cha chuma kilichotiwa weusi, na nusu mbili za fremu ya rangi ya fedha zilizoungwa kukizunguka. Pitisha lenzi ukingoni uutafute mstari wa muungo. Nakala ya bei rahisi humiminwa kama kipande kimoja, kwa hiyo mstari haupo, au umechongwa juu juu tu, na katika pembe za ndani huonekana vishimo vya viputo vya hewa. Kisha lete sumaku: kiini cha chuma kitavutwa. Lakini usikate shauri kwa sumaku peke yake, kwa sababu ipo misalaba halisi yenye kiini kisichovutwa, na mtengenezaji wa nakala anaijua sumaku kama wewe. Ukikuta majani ya mwaloni mahali pa swastika, ile alama ya Wanazi, hiyo si kasoro: ni toleo lililoruhusiwa na sheria ya Ujerumani Magharibi ya mwaka 1957 ili wapiganaji wa zamani waweze kuvaa nishani zao. Huenda ikawa mali halali kabisa ya mzee, ila haikutengenezwa wakati wa vita, na iandikwe hivyo.

Upanga wa Kijapani hudai uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa nakala zake zimejaa sokoni. Ule wa maafisa wadogo, yaani masajini na wa ngazi yao, unaojulikana kama Type 95, una mpini wa metali uliomiminwa na kupakwa rangi ufanane na mpini uliofungwa kamba, na una namba iliyogongwa kwenye bapa karibu na mpini. Namba hiyo ilinganishwe na ile ya mdomoni mwa ala. Zikitofautiana, huenda ala zilichanganywa siku ya kusalimisha silaha; lakini zikiwa zimekwaruzwa ovyo, au tarakimu zinapanda na kushuka, shaka iwe juu ya upanga mzima. Tazama pia mfereji unaopita ubavuni mwa bapa: katika upanga halisi umenyooka na kingo zake ni kali, katika nakala nyingi unayumba na kuishia butu. Kwa upanga wa afisa wa juu, ushahidi mkubwa umefichwa ndani ya mpini, ambako mara nyingi kuna saini ya mfua upanga. Anayejua kazi hutoa kijiti cha mianzi na kuuvua mpini taratibu. Kutu ya mahali hapo isisuguliwe kamwe, kwa kuwa rangi na unene wake ndivyo vinavyosaidia kukadiria umri wa bapa. Kinachoonekana kati ya mikunjo ya kamba kinapaswa kuwa ngozi ya samaki taa, yenye chembe za ukubwa usiolingana; chembe zilizopangika sawasawa kwa kurudiarudia ni alama ya plastiki.

Kwenye kofia za chuma za Kijerumani, ganda lenyewe huwa halisi mara nyingi, na udanganyifu hujificha kwenye nembo ya ubavuni, maana nembo huipandisha bei. Fuata mkwaruzo mmoja kwa lenzi. Mkwaruzo huo ukiikata rangi na nembo pamoja, vyote viwili vimeishi pamoja. Ukipita chini ya nembo ambayo yenyewe ni nzima, nembo ilibandikwa baadaye. Angalia pia ndani, ambako herufi za kiwanda na namba ya ukubwa hugongwa, na uone kama pini zinazoshika ngozi ya ndani zimewahi kufunguliwa.

Nguo na beji za kufuma zipimwe kwa taa ya urujuanimno gizani. Kemikali za kung'arisha weupe zilienea katika nyuzi na sabuni baada ya vita, hivyo uzi unaowaka kwa samawati kali ni sababu ya kusita, ingawa nguo ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa nayo huwaka. Uzi mmoja uliolegea, kwa idhini ya mwenye mali, unaweza kuchomwa: pamba huacha jivu, poliesta huyeyuka na kuwa tone gumu, na poliesta haikuwa sokoni kabla ya vita kwisha. Skrubu zenye kichwa cha nyota, ambazo viwanda vya Marekani vilianza kuzitumia katikati ya miaka ya 1930, hazitarajiwi kwenye jambia la Kijerumani.

Nishani za Uingereza zina utaratibu wake. Zile za mviringo za Vita Kuu ya Kwanza zilichapwa namba, cheo, jina na kikosi cha askari ukingoni. Ukingo uliopungua unene, au kipenyo kilicho chini ya milimita 36, huonyesha kwamba jina la awali lilifutwa likaandikwa jingine. Nyota za Vita Kuu ya Pili zilitolewa na Uingereza bila jina, kwa hiyo nyota peke yake haimtaji mtu yeyote, na kisanduku chenye anwani pamoja na kikaratasi kilichokuja nacho vitunzwe kama nishani yenyewe.

Kuna vitu visivyopaswa kupimwa mezani hata kidogo. Guruneti au kombora, hata familia ikiapa kwamba liko tupu, liachwe lilipo na polisi waitwe. Saa na vipimo vyenye rangi ya radiamu, ambayo hutoa mionzi, visifunguliwe, wala vichujio vya vinyago vya gesi, kwa sababu baadhi vina asbesto. Sheria nazo hutofautiana: Marekani inakataza kuuza na kununua Medal of Honor, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa, na Ujerumani inabana uonyeshaji wa alama za Kinazi hadharani.

Ukimaliza, andika hukumu yako kwa kila swali kati ya yale matatu peke yake, ukitaja ulichokiona na ulichoambiwa katika safu tofauti, na uiombe familia isaini upande wa maelezo yao. Bei ilipwe kwa kilichothibitishwa tu. Ukilazimika kuwaambia kwamba kitu si cha wakati wa vita, waeleze kwa kuwaonyesha alama yenyewe kupitia lenzi, na utaje wazi kwamba hilo halihusu utumishi wa mzee wao, ambao karatasi zake zinaweza kuwa zinauthibitisha bila doa.