Unataka kuanza kumsoma Chester Himes? Anzia hapa

Kuna watu wanapenda riwaya za upelelezi kufa, ila ukiwatajia Chester Himes wanakutolea macho, na mi naona wanapitwa na kitu kikubwa sana, kwa sababu huyu mzee ni kati ya waandishi wa uhalifu wakali kuwahi kutokea Marekani. Shida ni pa kuanzia. Kaandika vitabu vya aina tofauti tofauti, ukianza na kisichokufaa unaweza ukamtupa jumla.

Anza na A Rage in Harlem (Harlem ni mtaa wa watu weusi kule New York). Kilitoka 1957 kikiitwa For Love of Imabelle, kwa hiyo ukikutana na hilo jina ujue ni kilekile, usije ukanunua mara mbili. Ndani kuna jamaa anaitwa Jackson, kaajiriwa kwa mtu wa mazishi, mlokole hasa, mpole, kapenda mwanamke mpaka haoni mbele, anapeleka dola 1,500 kwa matapeli waliomwambia wanaweza kugeuza noti za kumi ziwe za mia, noti zinaingizwa kwenye jiko, jiko linalipuka, mara anaingia ofisa feki wa serikali kumkamata, na hapo balaa ndo kwanza linaanza. Watu wa Nairobi mnaoijua wash wash, ule utapeli wa noti feki, mtaelewa bila maelezo. Afu ana pacha wake anavaa kama sista wa kanisa, anauza tiketi za kwenda mbinguni mtaani!

Unaposoma, usihangaike kutafuta muuaji ni nani. Hizi si zile hadithi za kukusanya vidokezo mpaka ukurasa wa mwisho. Marcel Duhamel, mhariri wa Série Noire, mfululizo wa riwaya za uhalifu kule Paris, ndo aliyemshawishi Himes aandike upelelezi, na alimwelekeza aanze na tukio, mtu anafanya kitu, watu wanaongea, maelezo ya nini kinaendelea yatakuja mwishoni. Kwa hiyo ukijikuta umepotea katikati ya kitabu, endelea tu, ndivyo kilivyoandikwa. Macho yako yaweke kwa wale mapolisi wawili weusi, Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones. Ed anamwagiwa tindikali usoni humo humo kwenye kitabu cha kwanza na hasira zake kwenye vitabu vyote vinavyofuata zinatokea hapo, ndo maana nasisitiza usianzie katikati ya mfululizo.

Lugha nayo. Ni Kiingereza cha mtaa cha Waamerika weusi wa miaka ile, kamusi haitakusaidia sana, we soma mazungumzo kwa sauti utaona maana inakuja yenyewe.

Ukimaliza hicho cha kwanza, kabla hujashika kingine, simama kidogo uyajue maisha yake, maana bila hayo utadhani ni vurugu tupu na vichekesho. Kazaliwa 1909 Jefferson City, Missouri, wazazi wote waelimishaji. Kaka yake alipofuka kwenye ajali ya kemikali, hospitali ya wazungu ikakataa kumtibu kwa sababu ya rangi yake, na hilo jambo Himes hakulisahau mpaka anakufa. Alifukuzwa Ohio State University, akaingia kwenye uhalifu, 1928 akafungwa kwa wizi wa kutumia silaha, kifungo cha miaka 20 hadi 25, akiwa na miaka 19 tu. Kuandika alianzia jela. 1930 gereza la Ohio liliungua, wafungwa zaidi ya 300 wakafa, yeye akiwa humo, akauandika ule moto na jarida la Esquire likamchapisha 1934 angali mfungwa. Akatoka 1936 kwa msamaha wa masharti. 1953 akaondoka kwenda Ulaya, na vile vitabu vya Harlem vikaanzia Ufaransa, mtu kachacha, anaandika apate hela ya kula, na 1958 Wafaransa wakampa Grand Prix de Littérature Policière, tuzo yao kubwa ya riwaya za upelelezi. Kwao Marekani walichelewa sana kumheshimu, na hilo mi linaniuma mpaka leo.

Ukishayajua hayo nenda Cotton Comes to Harlem, 1965. Kasisi tapeli kakusanya dola 1,000 kwa kila familia kutoka familia 87, anawaahidi atawarudisha Afrika. Huku tuliko sisi ndo kunaitwa ile nchi ya ahadi, na ukisoma jinsi wale watu walivyotoa akiba yao yote kwa matumaini, inakugusa kwelikweli. Filamu yake ya 1970 aliiongoza Ossie Davis, itazame baada ya kitabu. A Rage in Harlem nayo ina filamu, ya 1991, Jackson kachezwa na Forest Whitaker, huyo huyo aliyekuja kumwigiza Idi Amin.

If He Hollers Let Him Go cha 1945 kiweke baadaye. Hakina upelelezi, ni mtu mweusi kwenye kiwanda cha meli Los Angeles wakati wa vita, kizito, kisome ukiwa na utulivu.

Blind Man with a Pistol cha 1969 kiwe cha mwisho kabisa kwenye mfululizo. Humo kesi hazitatuliki, wale mapolisi wetu wanazuiwa kufanya kazi na wakubwa zao, na ule mji wote unawaka. Ukikisoma mapema utaona mwandishi kashindwa kumalizia, ukikisoma baada ya kutembea nao vitabu vyote vile utajua kwa nini kaamua kukiacha hivyo.