Jinsi ya Kuijaribu Tovuti Yako kwa Watu Watano, Simu Moja na Daftari

Mama mmoja mwenye duka la leso (khanga) katika barabara ya Biashara, hapa Mombasa, alitengenezewa tovuti ya kupokea oda. Picha zilikuwa safi, kurasa zilifunguka upesi na malipo ya M-Pesa yalipita bila tatizo. Hata hivyo wateja waliendelea kumpigia simu ili kuagiza, na waliojaribu tovuti wengi wao waliishia njiani. Tulikaa dukani kwake siku mbili, tukawaketisha watu watano, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya mtu wa tatu kumaliza tulikuwa tumekwisha kuona sababu. Naandika hapa tulivyofanya, ili mwenye tovuti au programu yoyote aweze kufanya vivyo hivyo bila kumlipa mtaalamu.

Hatua ya 1: Tafuta watu watano

Idadi hii ina msingi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliyeanza kutetea majaribio ya gharama nafuu mwaka 1989, alieleza mwaka 2000 kwamba, kwa hesabu alizofanya pamoja na Tom Landauer, mtu mmoja hufichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo, na watu watano hufikia takriban asilimia 85. Ushauri wake ni kwamba ukiwa na uwezo wa kuwapata watu 15, uwagawe katika duru tatu za watu watano na urekebishe tovuti baada ya kila duru. Asilimia hizo ni wastani tu, na programu yako inaweza kuwa na tabia nyingine, lakini ushauri wa kugawa duru sijauona ukishindwa.

Wachague wanaoweza kuwa wateja wako kweli. Usiwachukue ndugu zako, wala waliosaidia kuitengeneza tovuti. Sisi tuliwaomba wanawake waliokuja dukani kununua, na kila mmoja tulimwahidi doti ya leso, yaani vipande viwili, kwa muda wake, ambayo angepewa hata kama hangekamilisha chochote.

Hatua ya 2: Andaa simu

Jaribu kwenye simu, na ikiwezekana iwe simu ya mshiriki mwenyewe, kwa sababu mkono umeizoea. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina uwezo wa kurekodi skrini bila kuongeza programu nyingine. Washa maikrofoni na chaguo la kuonyesha miguso. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, ueleze rekodi itatumiwa na nani na itafutwa lini: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahusu sauti ya mtu pia. Matukio muhimu yaandike kwa kalamu, pamoja na dakika yalipotokea. Nimejaribu programu kadhaa za kuandikia maoni na zote nimeziacha, kwa kuwa mshiriki akikuona unabonyeza simu yako hudhani humsikilizi.

Hatua ya 3: Andika kazi atakazopewa mshiriki

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika, nami niliwahi kupoteza siku nzima mbili kwa ajili yake. Nilikuwa nikijaribu fomu ya maombi ya ofisi fulani, na karatasi niliyowapa washiriki ilisema: "Fungua Maombi Mapya, jaza taarifa zako, kisha bonyeza Wasilisha." Wote sita walifaulu. Fomu ilipozinduliwa, watu walianza kupiga simu kuuliza waanzie wapi. Niliketi nikazitazama upya rekodi zote, nikitafuta nilichokosa kukiona, hadi nikatambua kwamba washiriki walikuwa wakilinganisha maneno ya karatasi na maneno ya skrini, herufi kwa herufi. Hawakuwa wakiitumia fomu hata kidogo. Walikuwa wakifuata ramani niliyowachorea mwenyewe.

Tangu hapo, kila nikiandika kazi huiweka kando ya skrini na kufuta kila neno linalopatikana pande zote mbili. Kitufe kikisema "Kikapu", neno kikapu halionekani katika karatasi yangu. Mpe mshiriki hali na haja, kisha mwache atafute njia mwenyewe. Kwa duka la leso tulikuwa tumeandika kwanza: "Tafuta leso namba fulani, weka idadi 1, kisha lipia." Tukaifuta, tukaandika: "Binti wa jirani yako wa Likoni anaolewa Ijumaa ijayo. Unataka kumpelekea zawadi ya leso yenye maneno yanayofaa harusi. Iagize imfikie kabla ya siku hiyo."

Tofauti ilionekana papo hapo. Mshiriki wa kwanza aliandika kwenye sehemu ya kutafutia jina la leso analolijua, kama ambavyo angeuliza dukani, lakini tovuti ilizipanga leso kwa rangi na namba pekee, na majibu yakawa sifuri. Wa pili alipata leso aliyoipenda, akafika penye "Idadi", akaweka 2. Alipoeleza sababu, alisema leso huvaliwa mbili. Tovuti ilihesabu kwa doti, kwa hiyo angelipishwa vipande vinne. Kama karatasi ingetaja idadi, jambo hilo lisingejitokeza, na mwenye duka angeendelea kudhani wateja wanaacha oda kwa sababu ya bei.

Yako mambo mengine ya kuangalia katika kuandika kazi. Tatu au nne zinatosha kwa nusu saa, na ya kwanza iwe nyepesi ili woga utoke. Iandike kwa maneno ambayo watu wenyewe huzungumza, kisha uisome kwa sauti na umwachie karatasi, maana wapo wasioona maandishi madogo na wataona haya kusema. Usimwambie kazi imekwisha. Mwache yeye aseme anapodhani amemaliza, kwa kuwa mtu anayedhani ameagiza ilhali hajaagiza ni tatizo kubwa kuliko aliyekwama na anajua amekwama. Malipo yakiwa sehemu ya jaribio, simamisha rekodi kabla ya ombi la namba ya siri ya M-Pesa kutokea. Usimtake mtu aiandike namba hiyo mbele yako kwa sababu yoyote. Mwisho, jaribu karatasi yako kwa mtu mmoja ambaye hutamhesabu, kisha uirekebishe.

Hatua ya 4: Keti kando na unyamaze

Mwombe mshiriki aseme kila analowaza anapotumia tovuti: anatafuta nini, anatarajia nini akibonyeza. Kabla ya kuanza mwambie wazi kwamba kinachojaribiwa ni tovuti, si yeye, na kwamba wewe hukuitengeneza. Kwetu pwani mgeni haitoi dosari kazi ya mwenyeji mbele yake, na ukiuliza "Umeionaje?" utajibiwa "Nzuri, mashallah" hata na mtu aliyeshindwa kuifungua. Basi usiulize maoni. Tazama anachofanya.

Kwa sababu hiyohiyo mwenye duka asikae chumba kimoja na mshiriki. Siku ya kwanza alikaa, na kila mteja aliposita alimwelekeza kwa kidole. Siku ya pili tulimwomba abaki mbele dukani, na ndipo tulipojifunza.

Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, nikigusa hapa sitaharibu?" Nilitamani kumwambia aguse. Nilimjibu, "Wewe waonaje, mama?" Akanieleza kwamba kitufe chekundu humtisha, kwa kuwa katika simu yake nyekundu ni ya kukata. Kitufe hicho ndicho kilichokuwa cha kuagiza. Swali lirudishe kwa aliyeuliza, na akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 20 kabla ya kusema neno.

Hatua ya 5: Rekebisha jioni hiyohiyo

Panga matatizo kwa kuuliza lipi lilimzuia mtu kufikia mwisho, na uanze na hilo. Tuliweka jina la leso chini ya kila picha na kuliingiza katika utafutaji, tukabadilisha "Idadi" kuwa "Doti ngapi?" pamoja na mstari unaosema doti moja ni vipande viwili, na kitufe cha kuagiza kikawa kijani. Sehemu ya mahali pa kupelekea mzigo bado. Fomu inadai namba ya posta, ilhali kila mshiriki alieleza kwao kwa kutaja msikiti, duka au stendi ya karibu. Hilo ndilo tutakaloanza nalo katika duru ya pili, na karatasi ya kazi haitataja anwani.