Namna ya Kupanga Tovuti ya Biashara ya Huduma Mombasa ili Wateja Waipate Kwenye Google

Mkazi wa Bamburi ambaye AC yake imeacha kutoa baridi huwa hatafuti kampuni kwa jina. Huchukua simu, akaandika "fundi wa AC Bamburi" au "AC repair Nyali", kisha akampigia mmoja kati ya wale wa kwanza wanaotokea. Tovuti ya biashara ya huduma hujengwa kwa ajili ya mtu huyo, na mpangilio wa kurasa zake ndio unaoamua kama atakuona au atampata jirani yako.

Google yenyewe imeeleza kwamba matokeo ya utafutaji wa mahali hutegemea mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake kutoka kwa anayetafuta, na jinsi inavyojulikana. Umbali huna namna ya kuubadilisha. Kujulikana hujengeka taratibu, kwa kazi nzuri na maoni ya wateja. Kulingana na kilichotafutwa, hata hivyo, kumo mikononi mwako tangu siku ya kwanza.

Anza na karatasi kabla ya kumwita mtengenezaji wa tovuti

Tuchukue mfano wa karakana ya AC na friji iliyoko Kongowea. Kabla ya kufikiria rangi au nembo, mwenye karakana aandike kazi zote ambazo wateja humpigia simu kuziomba, na aziandike kwa maneno ya wateja wenyewe: kufunga AC mpya, kusafisha AC, kujaza gesi, kutengeneza friji na friza, kuhudumia vyumba vya baridi vya hoteli na vya wauza samaki. Kila kazi inayoombwa peke yake ipewe ukurasa wake.

Sababu ni kwamba Google huorodhesha kurasa, wala haiorodheshi kampuni kwa ujumla wake. Ukurasa mmoja ulioitwa "Huduma Zetu", wenye mistari kumi ya majina ya kazi na hakuna maelezo, haujibu swali la mtu yeyote kikamilifu, na kwa hiyo ni vigumu ushindane na ukurasa wa mtu mwingine uliojibu swali moja vizuri. Lakini pia usikate vipande kupita kiasi. Kuwa na kurasa tatu za kujaza gesi, mmoja wa R22, mwingine wa R410A na wa tatu wa R32, hakumsaidii mteja ambaye mara nyingi hajui AC yake inatumia gesi ipi. Mwandikie ukurasa mmoja unaomwonyesha mahali pa kutazama kwenye kibandiko cha mashine ya nje.

Ukurasa huo wa kujaza gesi unastahili kuandikwa kwa uangalifu, kwa kuwa ndipo ujuzi wa fundi unapoonekana. Eleza kwamba gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na fundi mwaminifu hutafuta tundu kwanza kabla ya kujaza. Eleza kwamba hewa ya chumvi ya pwani hula vijibati vya alumini na maungio ya mabomba ya mashine ya nje, hasa kwenye nyumba zinazotazama bahari, na kwamba kuiosha mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi hupunguza madhara hayo. Taja kazi huchukua muda gani, bei huanzia wapi, na nini huifanya ipande. Maelezo ya aina hii hayawezi kunakiliwa kutoka tovuti ya mji usio na bahari, na msomaji hutambua mara moja kwamba anazungumza na mtu anayeijua Mombasa.

Anwani ya ukurasa iwe fupi na isomeke, kwa mfano /huduma/kujaza-gesi-ac, wala isiwe mfuatano wa nambari. Kichwa kinachoonekana kwenye matokeo kitaje kazi, mji, kisha jina la biashara: "Kujaza Gesi ya AC Mombasa", kikifuatwa na jina lako. Muhtasari unaotokea chini ya kichwa haukupandishi daraja wenyewe, ila humshawishi mtu abofye, kwa hiyo uandike kama unavyomjibu mteja kwenye simu.

Kurasa za mitaa

Hapa ndipo wengi huharibu. Hushauriwa watengeneze ukurasa wa Nyali, wa Tudor, wa Likoni, wa Changamwe na wa Mikindani, wote wenye maneno yale yale isipokuwa jina la mtaa. Sera za Google dhidi ya ulaghai zinakataza waziwazi kurasa za namna hiyo, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kwenye matokeo. Zaidi ya hayo, zinampotezea mteja wakati.

Tengeneza ukurasa wa mtaa pale tu una jambo la kweli la kusema kuhusu kufanya kazi huko. Kuhusu Likoni, sema kama mafundi wako huvuka kwa feri au huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, na kama mteja hulipia usafiri huo. Kuhusu Mji wa Kale, sema kwamba vichochoro vingine havipitiki kwa gari, na kwamba kutoboa kuta nene za mawe ya matumbawe ili kupitisha bomba kunahitaji muda na uangalifu zaidi. Kuhusu majumba ya fleti ya Nyali, eleza kwamba huwa unaomba ruhusa ya wasimamizi kabla ya kufunga mashine ya nje. Weka picha za kazi ulizofanya mtaa huo, ukiwa umepata idhini ya wenye nyumba. Mtaa ambao huna la kuusemea, utaje tu kwenye orodha ya maeneo unayofika.

Kurasa hizi ziunganishwe. Ukurasa wa mwanzo uelekeze kwenye kila huduma, na ukurasa wa Likoni uelekeze kwenye huduma zinazoombwa sana huko, kwa maneno yanayotaja kinachofuata, mathalani "kutengeneza friza za duka", badala ya "bofya hapa".

Kwa kuwa wateja wa Mombasa hutafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ni busara kuwa na matoleo mawili, kila moja kwa anwani yake, yakiunganishwa kwa alama ambayo watengenezaji huijua kwa jina la hreflang. Usichanganye lugha mbili katika ukurasa mmoja, na usiachie mashine ikutafsirie bila wewe kusoma.

Jina, simu na mahali

Jina la biashara, nambari ya simu na anwani viandikwe kwa maandishi kwenye kila ukurasa, vikifanana na vilivyo kwenye wasifu wako wa Google, yaani ukurasa wa bure wa biashara unaotokea kwenye Ramani za Google. Bango zuri lenye bei na nambari ndani ya picha haliwezi kutegemewa lisomwe na Google, wala mteja hawezi kubofya nambari hiyo akapiga. Kama huwapokei wateja karakanani bali unawafuata makwao, Google inataka uifiche anwani kwenye wasifu na utaje maeneo unayohudumia, yasiyozidi 20. Saa za kazi zikibadilika wakati wa Ramadhani na Idi, zibadilishe kote. Mwombe pia mtengenezaji aweke data za mpangilio wa schema.org, yaani maelezo ndani ya msimbo wa ukurasa yanayoiambia Google biashara yako ni ya aina gani: kwa kazi ya AC kuna aina mahususi iitwayo HVACBusiness, na kwa fundi bomba iko Plumber.

Google husoma toleo la simu la tovuti, na wateja wengi hutumia bando. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ipunguzwe kabla ya kupandishwa, na lengo liwe sehemu kuu ya ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5.

Tovuti ikishakuwa hewani, isajili kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google, na uwasilishe ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako. Baada ya wiki kadhaa, soma orodha ya maneno yanayowaleta watu. Ukiona wengi wanatafuta chumba cha baridi cha samaki nawe umekitaja kwa mstari mmoja tu, umejua ukurasa unaofuata kuandikwa. Na ukibadilisha anwani ya ukurasa wowote, hakikisha ile ya zamani inaelekezwa moja kwa moja kwenye mpya kwa uelekezaji wa kudumu wa 301, ili mteja aliyeihifadhi kwenye WhatsApp asikute ukurasa uliokufa.