Somo: Jinsi ya kuendesha kikao cha kusomeana tungo

Kikundi chetu hukutana Jumamosi moja kila mwezi, saa kumi alasiri, barazani kwa mwenzetu Ngamiani, Tanga. Tulianza wanne, sasa tuko tisa. Wengi mmeniuliza tunafanyaje hata watu wasigombane, wala kikao kisiishie kwenye soga. Tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Pangeni zamu mapema

Kikao cha muda wa saa mbili kinatosha kazi nne, si zaidi. Hadithi ya maneno 1,000 husomwa kwa sauti kwa dakika 8 hivi; ongeza robo saa ya kuijadili. Mwenye riwaya alete sura moja. Aliyekosa nafasi mwezi huu atangulie mwezi ujao.

Hatua ya 2: Toeni nakala

Kila msikilizaji awe na karatasi na kalamu. Simu nayo inasomeka, lakini ujumbe mmoja ukiingia tu, mtu hayupo tena nanyi.

Hatua ya 3: Mwandishi asijisomee

Mkishindwa mengine yote, hili msiliache. Mwandishi anapojisomea, sauti yake huziba nyufa za kazi yake. Anajua pa kuvuta pumzi, na neno lililosahaulika karatasini hulitamka bila kujua. Mpeni mwenzake asome, tena bila kujiandaa. Kila anapojikwaa, mwandishi atie alama pembeni na asiseme kitu.

Kwenye ushairi ndiyo faida yake huonekana zaidi. Mwenzetu mmoja alileta tarbia, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, lenye mizani (silabi) 16 kila mshororo, 8 kwenye ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na 8 kwenye utao, nusu ya pili. Nyumbani alihesabu akaridhika. Msomaji alipofika kwenye "Mtoto wangu karejea", ulimi ukakwama. Tukahesabu kwa vidole: m-to-to-wa-ngu-ka-re-je-a. Tisa! Yeye alikuwa amehesabu "mtoto" kuwa mizani mbili, akaisahau ile "m" ya mwanzo ambayo husimama peke yake. Akabadilisha papo hapo: "Mwanangu amerejea". Mwa-na-ngu-a-me-re-je-a, nane kamili, kwa kuwa "mwa" hutamkwa kwa mkupuo mmoja. Jicho lake lilikuwa limeupita mstari ule mara nyingi nyumbani, na ulimi wa mtu mwingine ukaukamata mara moja.

Hatua ya 4: Semeni mlichosikia kwanza

Mzunguko wa kwanza hauna sifa wala lawama. Kila mtu aseme alichokisikia: "Mimi nimemwona mama amechoka." Ikiwa mwandishi alikusudia mama aonekane amekasirika, basi ameshajua pa kurekebisha, na hakuna aliyemwambia amekosea. Mzunguko wa pili ni wa maswali, wa tatu ushauri. Muda wote huo mwandishi anyamaze na kuandika. Ni kazi ngumu, najua. Mwaka wangu wa kwanza niliitetea kila sentensi, nikawa narudi nyumbani na hadithi ile ile niliyokwenda nayo.

Hatua ya 5: Mpeni mwandishi nafasi

Mwishoni aseme atakalo, aulize, ashukuru. Nakala zake zote arudishiwe. Kisha chai.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kwetu yuko mzee, malenga wa siku nyingi. Vijana hawathubutu kumkosoa.

Marahaba mwanangu. Anayeanza kusema awe mdogo kuliko wote, mzee asemapo awe wa mwisho. Kijana akisikia wakubwa wameshasifu, hatafungua kinywa tena. Na kumwambia mzee "Babu, ubeti wa tatu nimepotea njia" si utovu wa adabu, maana unaeleza yaliyokupata wewe. Wazee wengi niliokaa nao hulipokea vizuri mno neno la namna hiyo.

Naogopa mtu ataiba kazi yangu. Je, niisajili kwanza ndipo niilete?

Si lazima, dada. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapotungwa, hata kabla ya kusajiliwa, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini wazo tupu halilindwi. Kwa hiyo lete kazi iliyokwisha kuandikwa, si kisa unachotaka kukiandika. Baki na nakala yenye tarehe, na kusanya karatasi zako kama nilivyosema.

Mimi naandika mashairi huru. Hatua ya 3 inanihusu?

Inakuhusu sana, kaka. Mwenye vina na mizani ana kipimo cha kumshika mkono. Wewe kipimo chako ni pumzi. Sikiliza msomaji anapumzika wapi, kisha linganisha na pale ulipoukata mshororo. Pasipolingana mara mbili tatu, rudi uuangalie.

Niko Muscat, wenzangu wako Unguja. Tutaweza?

Mtaweza. Mmepishana saa moja tu. Tumianeni kazi siku mbili kabla, halafu mwenzako airekodi kwa sauti yake, naye asiipitie kwanza. Mwambie asifute pale anapojikwaa.